Kwandu na Nyama Iliyoganda Mara Mbili

Pale Somanda ukiulizia nyumba ya Mama Josia, watu watakuuliza kwanza: unataka sato, au una kitu cha kuhifadhi? Wanawake wanaouza samaki mjini Bariadi ni wengi. Lakini mwanamke ambaye mtu anaweza kumwachia kitoweo cha shughuli nzima, kisha akaenda zake na kulala usingizi bila wasiwasi, alikuwa mmoja tu, naye ni Kwandu Mboje, mama yake Josia.

Kwandu alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti nzito na mwendo wa mtu asiyekimbizwa na yeyote. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia jikoni, katika shule moja ya bweni upande wa Maswa, akipikia watoto wa watu. Alipostaafu, ndugu zake walidhani angerudi kijijini kulima pamba. Yeye akanunua friza kubwa ya kulala kutoka kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa anahamishwa, akaiweka stoo, akaanza kuuza samaki wa Lamadi. Mdogo wake Lucy aliwanunua kule mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, na kumtumia kwa magari ya abiria yanayokuja Bariadi.

Friza yenyewe haikuwa mpya. Mpira wa mfuniko ulikuwa umechoka, na Kwandu aliupangusa kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Ndani mlikuwa na sato na minofu ya sangara, barafu za ubuyu za watoto wa mtaani, na vitu vya majirani: kuku wa mtu anayesubiri mgeni, maziwa ya mama anayerudi kazini.

Kukatika kwa umeme akiwa nyumbani hakukumsumbua. Angefunika friza kwa blanketi, akakataza mtu kuigusa, na umeme ukirudi kabla baridi haijatoka, maisha yangeendelea. Kilichomsumbua ni umeme kukatika yeye akiwa hayupo, ukakaa huko ulikokwenda, kisha ukarudi kimya kimya. Hapo samaki huyeyuka, hukaa kwenye joto, halafu huganda upya. Mwenye mali akirudi anakuta friza inanguruma, kila kitu kigumu kama tofali, na hakuna wa kumwambia kilichotokea. Mwaka wa kwanza jambo hilo lilimkuta. Alirudi kutoka msibani, majirani wakamwambia umeme ulisumbua, lakini kila mmoja alisema lake kuhusu muda uliokatika. Kwandu alitupa samaki wote. Huenda walikuwa wazima, huenda walikuwa wabovu. Kilichomuudhi zaidi ya hasara ni kwamba hakuwa na njia ya kujua.

Kwa hiyo akatafuta njia. Alichukua chupa za maji, akazijaza nusu, akazigandisha zikiwa zimesimama wima. Zilipoganda sawasawa akazigeuza, kizibo chini na kitako juu, akazipanga ndani ya friza zikiwa hivyo. Barafu ikabaki imeng'ang'ania juu kwenye kitako, na chini kwenye kizibo pakabaki patupu. Friza ikipoteza baridi, barafu ingeyeyuka na maji yangeshuka kwenye kizibo. Umeme ukirudi yangeganda hukohuko chini, na hakuna namna yangepanda tena. Chupa moja aliiweka juu kabisa, nyingine katikati, ya tatu kwenye sakafu ya friza, kwa sababu baridi haitoki kote kwa pamoja. Juu hutangulia kuyeyuka, chini hufuata.

Mkwewe Flora, mke wa Josia, ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi Mwanza, aliziita zile chupa askari wa mama. Kwandu hakuona utani mbaya ndani yake. Na kwa kuwa Flora mwenyewe alikuwa mwepesi wa kuchomoa nyaya ili achaji simu, Kwandu aliizungushia plagi ya friza selotepu mpaka ukutani, halafu akatangaza kwamba soketi ile si ya mtu.

*

Mwaka huo, mavuno ya pamba yakikaribia, Rahma binti Tajudin alikuwa anaolewa. Tajudin alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi barabara ya kwenda hospitali, mtu mkarimu, anayejulikana na waumini wa msikiti na wa kanisa vilevile. Alikuwa amenunua ng'ombe dume mnadani mapema, akamfunga nyuma ya nyumba anenepe mpaka wiki ya harusi. Bahati mbaya nyuma ya nyumba hiyohiyo kulikuwa kunachimbwa shimo la choo. Dume akakata kamba, akatumbukia, akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe siku ileile, wakati kadi za mwaliko hata hazijamaliza kugawiwa.

Jioni ile Sikuzani, dada mkubwa wa Tajudin na mpishi mkuu wa shughuli zote za ukoo wao, alifika kwa Kwandu na wanawake wenzake wamebeba mabeseni. Nyama ilikuwa imekatwa vizuri na kufungwa kwenye mifuko, kila mfuko umelazwa na kubonyezwa ukawa bapa.

"Mwadila, mayu," alisalimia Sikuzani. Kisukuma chake alikuwa amekiokota sokoni.

"Mwadila. Karibuni ndani."

"Mama Josia, usinielewe vibaya, lakini lazima niulize. Humu hamjawahi kuingia kitimoto?"

"Nyama ya nguruwe haijawahi kuingia na haitaingia," alisema Kwandu. "Nusu ya wateja wangu ni watu wa msikitini. Weka nyama yako kwa amani."

Samaki walikuwa wamejaa nusu ya chini. Kwandu akatandika nailoni nzito juu yao, akasimamisha chupa yake ya katikati, na juu ya nailoni wakapanga mifuko ya nyama mmoja baada ya mwingine. Siku mbili zilizofuata nyama iliganda ikawa mbao. Kwandu akaiwekea chupa ya juu, akafunga kufuli, akatia ufunguo kwenye pochi yake.

Muda si mrefu Lucy akapiga simu kutoka Lamadi akilia kwa maumivu ya tumbo. Alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na hakukuwa na wa kumuuguza. Kwandu akaondoka na ufunguo wake, akimwachia Flora kazi moja: kuangalia umeme.

Kila jioni alipiga simu. "Umeme upo?"

"Upo, mama. Haujakatika hata mara moja."

Naye Flora alikuwa anasema kweli.

*

Lucy alipoweza kwenda mwenyewe bafuni na kugombana na wauguzi, Kwandu aliona amepona, akapanda gari kurudi Bariadi. Zilikuwa zimebaki siku chache tu harusi ifanyike. Alifika mchana, akaweka mfuko wake mezani, na kabla hata ya kunywa maji akaingia stoo. Friza ilikuwa inanguruma kama kawaida. Akafungua kufuli, akainua mfuniko. Baridi ikampiga usoni. Nyama ilikuwa imetulia pale ilipowekwa, ngumu, ina unga mweupe wa barafu.

Akaichukua chupa ya juu. Barafu ilikuwa kwenye kizibo.

Kwandu aliigeuza mkononi kana kwamba amekosea kuishika. Hakukosea. Kitako kilikuwa kitupu, na barafu yote imeshuka ikaganda chini. Akaondoa mifuko, akaitoa ya katikati. Barafu nyembamba ilikuwa bado imeshikilia kitako, nyingine imeshuka. Akachimba zaidi, mikono ikiuma kwa baridi, akaitoa ya chini kabisa. Hiyo barafu yake ilikuwa palepale juu alipoiacha, haijasogea.

Akapiga magoti, akaangalia ukutani. Selotepu ilikuwa imebanduliwa, halafu ikabandikwa tena kwa haraka, imepinda na kukusanya vumbi.

"Flora!" aliita. "Nani alikuja humu?"

Flora alitoka chumbani na tepu ya kupimia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na siku nyingi alishinda sokoni kwenye meza yake mpaka jua linazama. "Hakuja mtu, mama. Labda baba mdogo Dastan. Alilala hapa siku za mnada."

"Alilala wapi?"

"Humu stoo. Nilimwandalia godoro. Alikuwa na lile lispika lake la kutangazia dawa za ng'ombe, akasema lazima lichajiwe usiku." Flora aliishia hapo. Macho yake yakaenda kwenye plagi, yakarudi kwenye chupa. "Mama, mimi kila nikirudi niliwasha taa. Umeme ulikuwepo."

"Ulikuwepo kwenye taa," alisema Kwandu. "Kwenye friza haukuwepo."

Flora akaupapasa mfuko wa nyama, akaunusa. Hakukuwa na harufu yoyote. "Lakini mama, mbona ni nzuri tu? Na nyama ya pilau inachemshwa mpaka inalainika. Moto si utaua kila kitu?"

Kwandu akaketi juu ya ndoo. Alikumbuka asubuhi moja kule shuleni, wali uliolala bila kuwekwa vizuri na mpishi wa zamu nyingine, ukachemshwa upya mpaka ukatoa mvuke, ukagawiwa bweni zima. Kabla ya saa ya masomo watoto walikuwa wamelala kwenye nyasi wakijikunja, na gari la shule likawa linakwenda hospitali na kurudi. Wote walipona, lakini Kwandu ndiye aliyewashika vichwa wakati wanatapika.

"Moto unaua wadudu," alimwambia mkwewe. "Uchafu waliouacha ndani ya chakula hautoki wote kwa moto. Nimeona kwa macho yangu. Hii nyama iliyeyuka, ikakaa, na hatujui ilikaa joto kiasi gani. Harusini kutakuwa na vikongwe, kutakuwa na wajawazito, kutakuwa na vitoto vinavyonyonya vidole vyenye mchuzi. Siwezi."

"Watatulaumu sisi."

"Watatulaumu leo. Afadhali leo." Akasimama, akajifunga kanga upya. "Naenda kwa Tajudin."

*

Tajudin alikuwa dukani anahesabu mabati na mteja. Sikuzani alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma, mbele yake mifuko ya iliki, mdalasini na binzari nyembamba. Kwandu alisubiri mteja aondoke, kisha akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa, tangu Lamadi mpaka selotepu. Hakupamba, hakuomba radhi mara kumi.

Tajudin alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Ngoja, Mama Josia. Nyama imeoza?"

"Sikusema imeoza. Nimesema iliyeyuka, ikakaa kwenye joto, ikaganda tena."

"Sasa hivi ikoje?"

"Ngumu."

"Inanuka?"

"Hainuki."

"Sasa nyama ngumu isiyonuka ina kosa gani?"

Kabla Kwandu hajajibu, Sikuzani aliiweka chini iliki yake. "Na samaki wako je? Wameyeyuka nao?"

"Wa chini kabisa hawakuyeyuka. Waliokuwa karibu na nyama nitawatupa pamoja na nyama."

"Ahaa." Sikuzani alicheka bila furaha. "Kwa hiyo ndani ya friza moja, vya mwenyewe vimepona na vya wenzake ndivyo vimeharibika. Mama Josia, sisi ni watu wazima. Kama nyama umeiuza, sema umeiuza tujue tunafanyaje."

Mpakia mizigo aliyekuwa mlangoni akajifanya anatafuta kitu kwenye saruji. Kwandu alikasirika, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita mwizi mbele ya watu. Lakini alijua pia kwamba hasira isingemsaidia yeyote mle ndani, na kwamba ukweli wote alikuwa nao nyumbani, umegandishwa.

"Dada Sikuzani," alisema, "mifuko ile nani aliifunga?"

"Mimi."

"Uliifungaje?"

"Niliilaza bapa. Unaniuliza nini sasa?"

"Basi twende ukaifungue mwenyewe. Mimi sitagusa. Nawe Tajudin twende, duka litabaki na kijana wako. Mkishaona kwa macho yenu, mtaniita jina mnalotaka."

Aliongoza njia. Walimfuata, bodaboda wakiwapigia honi wapishe. Stoo ikajaa. Kwandu akawaonyesha kwanza zile chupa, moja moja, akimpa Tajudin azishike na kueleza kila moja ilivyokuwa imewekwa. Tajudin, ambaye kazi yake ni kuuza mabomba na matangi ya maji, alielewa upesi. Aligeuza ile ya juu, akaigeuza tena. "Maji hayapandi," alijisemea.

Sikuzani hakuzitaka chupa. Alitoa mfuko mmoja wa nyama, akausogeza mlangoni kwenye mwanga. Akautazama. Akatoa mwingine. Kila mfuko ulikuwa na donge jekundu kwenye pembe moja, damu na maji yaliyotiririka yakakusanyika chini kisha yakaganda. Na zile mbao bapa alizozibonyeza kwa viganja vyake hazikuwa bapa tena. Zilikuwa zimejikunja zikafuata umbo la zilizokuwa chini yake.

Halafu bila kuulizwa akainama, akatoa pande la samaki kutoka chini kabisa. Lilikuwa safi, nyoofu, kila mnofu umesimama peke yake, hakuna damu pembeni.

Sikuzani alikuwa amepika shughuli kabla Rahma hajazaliwa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akaketi kwenye ile ndoo aliyokuwa amekalia Kwandu, akashika tama. "Ya Rabi," alisema. "Hii nyama ilikaa maji kabisa."

"Sasa tunafanyaje?" Tajudin aliuliza. "Watu nimeshawaalika. Wa kutoka Shinyanga, wa kutoka Mwanza."

"Ng'ombe nitamleta mimi," alisema Kwandu.

Wote wawili wakamwangalia.

"Uliniachia ng'ombe, nitakurudishia ng'ombe. Nyie endeleeni na mchele na viungo. Nitamleta akiwa hai, mtamchinja wenyewe kwa taratibu zenu."

*

Ng'ombe hakuwa naye. Hata mbuzi hakuwa naye. Lakini alijua wa kumpigia. Dastan, mdogo wa marehemu mumewe, aliishi Malampaka, alikuwa na zizi lake, na kwenye minada yote ya eneo lile alikuwa akiuza chumvi na dawa za mifugo huku akijitangaza kwa spika.

"Shemeji yangu!" alipokea simu kwa furaha. "Mwangaluka!"

"Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, Dastan. Ulipolala kwangu ulichomoa plagi ya friza."

"Eh. Kidogo tu. Nilichaji spika."

"Ukaichomoa lini?"

Dastan akafikiri. "Nilipofika. Halafu asubuhi nikawahi mnada, nikasahau. Niliporudi siku ya pili jioni nikaona, kumbe bado. Nikairudisha, nikabandika na ile selotepu yako vizuri. Nilikuwa nimechoka, nikasema isiwe taabu. Kwani imekufa?"

"Friza haijafa. Nyama ya harusi ya watu ndiyo imeharibika. Ng'ombe mzima."

Upande wa pili zilisikika kengele za ng'ombe kwa mbali. "Shemeji, mimi sikujua kuna nyama. Friza ilikuwa imefungwa kufuli."

"Najua hukujua. Sikupigii nikulaumu, Dastan. Nakupigia unipe ng'ombe."

"Ng'ombe mzima kwa ajili ya soketi?"

"Ng'ombe mzima kwa ajili ya ng'ombe mzima."

Dastan alilalamika. Alisema mwaka ni mgumu, malisho yamekauka, dume aliye naye anamtegemea kwa kulimia. Alisema angeweza kutoa mbuzi wawili wazuri. Kwandu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamuuliza jambo moja tu: siku kaka yake alipokuwa anazikwa, waombolezaji walikula ng'ombe wa nani? Dastan alijua jibu. Alikuwa ni ng'ombe wa Tajudin, aliyeletwa bila mtu kumwomba, na kuchinjwa na watu wa Tajudin ili na Waislamu waliokuja kuzika wapate kula.

"Basi, shemeji," alisema Dastan. "Yupo dume mweusi. Hajui jembe bado. Nitamleta mwenyewe, maana nikimtuma mtu itaonekana nimejificha."

Jioni ile Kwandu, Flora na Tajudin waliifukia nyama mbovu katika lile shimo lililomvunja mguu ng'ombe, wakamwaga majivu na mafuta ya taa juu yake. Mchoma mishkaki mmoja wa kona ya pili alikuwa amesikia habari, akaja na beseni. "Mama Josia, ya nini kufukia mali? Nipe mimi niimalize na pilipili."

"Wewe unataka kuwalaza watu hospitali halafu waseme nyama ilitoka kwangu," Kwandu alimjibu huku anavuta udongo kwa jembe. "Nenda nyumbani." Yule bwana akaenda, beseni lake likiwa tupu.

*

Dastan alifika siku moja kabla ya harusi kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, yule dume mweusi amefungwa nyuma, anawatazama watu wa Somanda kwa dharau. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Hakupitia kwa Kwandu. Alikwenda moja kwa moja kwa Tajudin, akavua kofia.

"Mzee Tajudin, aliyechomoa ni mimi," alisema mbele ya wanaume waliokuwa wanafunga turubai. "Shemeji yangu hana kosa. Huyu dume ndiye mbadala wa yule wako, na kama ni mdogo kuliko yule uniambie sasa hivi."

Tajudin alimzunguka yule dume, akampiga kofi mgongoni. "Yule wangu alikuwa mwembamba," alisema. "Karibu chai, Dastan."

Dume alichinjwa alfajiri ya siku ya harusi, na nyama ikaenda kutoka kisuni hadi kwenye masufuria bila kuona barafu. Sikuzani aliongoza jiko kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Alipohitaji mtu wa kuangalia moto wa sufuria kubwa kuliko zote, ile ya wageni wa mbali, alitazama wanawake wote waliokuwepo, akasema, "Mpeni Mama Josia mwiko." Kwandu aliupokea. Alikuwa amepikia bweni zima la watoto kwa miaka mingi. Sufuria ile haikumtisha.

Pilau ilitoka imechambuka. Rahma alipita kati ya wageni kwa nguo nyeupe yenye dhahabu aliyoishona Flora, na Flora akawa anamfuata kwa macho akiangalia mshono wa mgongoni kama utatulia. Ulitulia. Watu walikula wakaongeza, wengine wakafungasha. Kesho yake Somanda nzima iliamka salama, watu wakaenda kazini, watoto wakaenda shule.

Kwandu na Sikuzani walikuwa uani kwa Tajudin asubuhi hiyo wanasugua masufuria kwa mchanga na majivu, mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Kisha Sikuzani akaacha kusugua.

"Siku ile dukani," alisema, "nilikwambia neno baya. Mbele ya watu."

"Uliniambia."

"Nisamehe, dada yangu."

Kwandu alimwaga maji machafu, akaliinamisha sufuria lichuruzike. "Ulikuwa unalinda mali ya kaka yako," alisema. "Ningekuwa wewe ningeuliza vilevile. Ila ningeulizia nje, si mbele ya mpakia mizigo. Yule ana mdomo."

Sikuzani alicheka mpaka akashika mbavu. "Nimeshamwita. Nimemwambia kama alilisema lile, alirudie, safari hii aongeze na mwisho wake."

"Vizuri," alisema Kwandu, akanyoosha mkono kuomba majivu zaidi. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Gari la kumpeleka bibi harusi kwa mumewe lilikuwa limefika. Wote wawili wakafuta mikono kwenye kanga zao na kwenda mlangoni kumuaga.